Baba, Kiti cha Nyuma Bado Kipo Barabarani

Baba,

"Kaka yangu kaendesha mabasi maisha yake yote, na hakuacha hata tairi moja." Maneno hayo aliyasema mdogo wako, Baba Mdogo Venansi, siku ya kuanua matanga, mbele ya wakwe na katekista, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Wiki tatu yananikereketa. Leo nayajibu, na nakuandikia wewe kwa sababu yeye hataki kuongea nami.

Si kweli. Uliacha kiti.

Shirika la umma lilipokufa na basi lako likauzwa kama chuma chakavu, madereva wenzako walikimbilia betri. Wewe uliomba kile kiti kirefu cha nyuma. Ukakipandisha Uru kwenye pikapu ya mtu, ukakifunga imara kwenye magogo ukingoni mwa kihamba, shamba letu la ukoo, pale barabara inapokunja, ukakiezekea bati. Tangu hapo kina mama wanaoshusha ndizi Moshi husubiri gari wakiwa wamekaa kama abiria, hata masika. "Abiria si gunia," ulikuwa ukisema, "hata kabla hajapanda."

Hicho ndicho Venansi anataka kuking'oa. Katika mgawo wa urithi, ukingo ule umeangukia upande wake, naye anataka kujenga kibanda cha vocha. "Ni soko huria, mwanangu," aliniambia siku ile ile ya matanga. Mimi! Mimi niliyeandika magazetini dhidi ya soko huria mpaka wino ukanikauka!

Najua unacheka. Makala yangu nilimowashambulia wenye vibasi vya watu binafsi uliisoma ukiwa umekaa kwenye kiti hicho hicho, miwani puani, mpaka nukta ya mwisho. Nikasubiri hukumu. Ukasema, "Umeandika vizuri sana. Lakini lile jekundu la Kibosho lina springi nzuri." Sijawahi kushindwa kiasi kile. Nilijua nadharia zote za uchumi, wewe ulijua kila injini iliyopanda mlima huu. Ukiwa sebuleni ulisikia gari likiunguruma kule bondeni, ukatikisa kichwa: "Anachelewa kubadilisha gia, huyo." Siku yako ya mapumziko ulishuka mjini kupanda basi la mwenzako, ukakaa nyuma yake, ukamfundisha kazi mpaka mwisho wa safari. Mama alisema hajaolewa na mtu, kaolewa na ratiba.

Sasa sikiliza kosa langu, maana lipo. Venansi aliposema yale ya tairi, nilisimama nikamwita mchuuzi wa makaburi. Mbele ya wakwe, Baba. Kata ilimdondoka. Kaka zake wa ukoo wakaniangalia kana kwamba nimetema mate mezani. Tangu siku hiyo, nikipita kwake nasema "Shikamoo, Baba Mdogo," naye anawajibu kuku.

Kwa hiyo jana nilikaa kwenye kiti chako kufikiri, nikamkumbuka Bibi Apolonia. Ulimpita asubuhi moja ya mvua, basi limejaa, ukamwacha na mkungu wake kichwani. Akakupigia kelele: "Basi lina taa mbili mbele na dereva kipofu!" Hukulala vizuri. Kesho yake ulifunga isale kwenye kioo cha pembeni, lile jani tunalopanda mipakani na kulipeleka kwa mtu tunapomwomba msamaha. Ukasimamisha basi getini kwake, ukashuka, ukampa kwa mikono miwili. Isale halikataliwi. Bibi alilipokea, akakuangalia juu mpaka chini, akasema, "Nimekusamehe. Sasa shusha mtu mmoja nipande."

Ukanishusha mimi! Binti yako, mwenye sare ya shule! Nilitembea kwenye tope mpaka shuleni, nikachapwa kwa kuchelewa. Jioni nikakulalamikia, ukasema, "Lakini umeona alivyokaa?" Nililichukia jani lile miaka mingi.

Leo asubuhi nimekata moja kwenye mpaka wetu. Sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa maandishi wala kwa mdomo, unanijua. Magoti yangu yanalia kama breki zako za zamani. Lakini nitaenda. Nimemkosea kwa neno lile, na kosa langu nitalibeba. Kuhusu kiti, sirudi nyuma hata hatua moja.

Kaburi lako limeota majani. Kutoka pale barabara inasikika vizuri, na madereva wanaokufahamu hupiga honi wakikunja kona. Nahesabu gia zao kwa niaba yako. Pumzika, Baba, mwendo umekwisha salama. Nakuahidi bati nitalibadilisha kabla ya masika, na makala yangu ijayo nitaiandikia pale pale kitini, nikipigiwa kelele na kina mama.

Na wewe, Baba Mdogo Venansi, kwa kuwa barua hii nitaisoma barazani kwako kabla hujapata nafasi ya kuita kuku: hili hapa isale, nimelishika kwa mikono miwili. Lipokee. Kibanda jenga ng'ambo ya mfereji, nitakusaidia kubeba mbao. Kisha njoo ukae kwenye kiti cha kaka yako, upande wa kushoto, ambako springi hazijachoka, na usogee kidogo, mama mwenye ndizi apate nafasi.