Kaseti ya Sehemu ya Ishirini na Sita

Mpendwa Bi Imakulata wa ukurasa wa ushauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi naomba msaada wako hivyo hivyo, maana Alhamisi ya wiki ijayo watu wa redio wanakuja nyumbani kwangu Makorora na sijui uso nitauweka wapi.

Mume wangu, mzee Luqmani, tangu ujanani anaupenda mchezo wa redio wa Abiria wa Zuhura, ule wa watu waliopanda chombo kwenda kuishi kwenye nyota, alikuwa anaweka kinasa sauti mbele ya redio kila Jumapili anaurekodi, na sasa redio moja ya hapa Tanga imeufufua kwa waigizaji wapya, kila Jumamosi alasiri baraza letu linajaa, yeye na jirani yetu Rafaeli na vijana wa mtaani, mtu akikohoa ananyamazishwa, na juzi wakatangaza kwamba sehemu ya mwisho, ya ishirini na sita, maandishi yake yamepotea, mwenye kaseti ajitokeze, basi mume wangu akapiga simu pale pale akasema anayo, na kinasa sauti kakipeleka kwa fundi Ernesti, Jumatano kitakuwa tayari.

Bi Imakulata, kaseti ipo lakini mchezo haumo. Siku sehemu hiyo inatangazwa, mwaka themanini na nane, mtoto wetu Khadija alikuwa na miaka miwili, homa ikampanda akashikwa na degedege mikononi mwangu, nikamwambia baba yake tumkimbize hospitali kwa baiskeli, akaweka kidole mdomoni nisiharibu rekodi, akaninong'oneza, "Ngoja iishe." Nikangoja, mjinga mimi, dakika ishirini nzima, na mtoto akatufia njiani. Siku ya arobaini, wanawake walipokuja kusoma hitima, nikaichukua kaseti ile ile, alikuwa kavunja vile vijino vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake, nikaziba matundu kwa karatasi nikarekodi hitima mwanzo hadi mwisho, kwa makusudi, Mungu ananiona.

Sasa anawahadithia vijana alivyorekodi siku ile bila kukatiza, na Khadija hamtaji. Mwenzio roho inaniuma. Mara nataka nimwambie kaseti imepotea, mara nataka ninyamaze tu aaibike mbele ya watu wa redio. Nifanyeje?

Mwatumu, Makorora

Bi Mwatumu,

Pole. Pole ya Khadija kwanza, maana naona miaka yote hii hakuna aliyekupa ipasavyo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemkasirikia mumeo.

Ila na wewe nikuseme. Tangu themanini na nane unampikia, unamfulia, unawapelekea chai wageni wake barazani, na hili umelikalia kimya, halafu leo unangoja watu wa redio wakulipie kisasi? Hitima ya mwanao isikilizwe na wageni wasiomjua, wacheke kabla hawajaelewa? Utakayemuaibisha hapo ni mtoto. Na huo uongo wa kwamba imepotea usiuguse. Ataipekua nyumba nzima, na akiipata yeye ndiye atakuwa mwenye haki.

Kuna kitu hukujiuliza. Mtu anayeupenda mchezo hivyo, mbona kaseti hiyo hakuisikiliza hata mara moja miaka yote? Simtetei. Nasema anajua ilimgharimu nini, na anajificha kwenye soga za barazani.

Leo hii piga simu redioni useme kaseti haina mchezo, wasije. Wakiuliza sababu, usiwape. Jumatano nenda mwenyewe kwa fundi Ernesti uchukue kinasa sauti. Baada ya sala ya alasiri funga mlango wa mbele, Rafaeli aambiwe mna shughuli. Mketishe mzee Luqmani, weka kaseti, bonyeza. Usimweleze kitu, sauti za kina mama zitamweleza.

Atataka kuinuka, wanaume wa namna hiyo nawajua. Mshike mkono umwambie, "Ngoja iishe."