Jibu la Swali la Nne

Hindawiyah, Jeddah
Ijumaa

Kwako ndugu yangu Wesley,

Pokea salamu. Naziweka mbele kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata ukiwa na hasira na mtu unamjulia hali kwanza. Basi u hali gani, na mkeo Rita, na mtoto? Natumai kile kikohozi chake kimeisha. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, iko sawa. Roho ndiyo haijatulia, na wewe ndiye uliyeivuruga, kwa hivyo tafuta mahali ukae usome.

Sikutaka kukupigia simu. Nikikupigia utanikatiza, utasema mtandao ni mbaya, halafu utaanza kunitumia zile sauti zako fupi fupi za kunituliza. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho. Maureen, yule tuliyesafiri naye kutoka nyumbani, amemaliza mkataba na anarudi wiki hii. Nimekaa kwenye godoro lake hapa Hindawiyah, wenzake wanamfungia masanduku na kubishana kuhusu uzito wa mizigo, na mimi naandika.

Yating unamjua. Ni binti wa bosi wangu, yule mhandisi Mchina. Nilikueleza tukiwa bado Riyadh kwamba alitaka kusomea ukunga katika chuo kimoja cha Jeddah kinachofundisha kwa Kiingereza, na kwamba asipopita mtihani wao wa Kiingereza, babake angemrudisha Uchina akasaidie duka la nyanya yake. Msichana alikuwa analia juu ya vitabu. Katika Kichina kitenzi hakibadiliki. Ukishasema jana, umesema jana, imetosha. Aliniuliza kwa nini Waingereza wanataka jana isemwe mara mbili, na hayo mimi sikusomea. Lakini nilikaa naye. Kila siku baada ya vyombo vya mchana tuliketi kwenye meza ya jikoni, mimi nikikata mboga, yeye akitaja kwa Kiingereza nilichofanya, ninachofanya na nitakachofanya. Ananiita ayi, ambalo kwao ni kama shangazi.

Wewe nilikuingiza mimi, hilo nalikubali. Nilijigamba. Nilimwambia madam, mamake Yating, kwamba ndugu yangu amesomea ualimu wa Kiingereza, anangoja tu kuajiriwa, na kwamba angeweza kutuandikia vifungu vya ufahamu, na maswali yake, na majibu yake. Na kweli uliandika. Ulikuwa unanitumia kwa simu, nami nikienda sokoni Batha na dereva navichapisha kwenye kiduka cha Mbangladeshi mmoja, maana Yating akisoma kwenye simu hakimwingii kitu. Kile cha fundi wa baiskeli aliyejifungia mwenyewe dukani, Yating alikicheka hadi madam akaja kutuchungulia. Nilikuonea fahari, Wes. Niliwaambia hata wenzangu wa Kenya kwamba huyo anayeandika hivyo nimenyonya naye titi moja.

Utaratibu wetu ulikuwa kwamba mimi nasoma kwa sauti, polepole, yeye anasikiliza. Halafu anasoma mwenyewe. Halafu namuuliza maswali, majibu yakiwa kwangu kwenye karatasi ya pili. Siku ile dereva alinikimbiza, yalla yalla, nikakunja karatasi bila kuzitazama. Ndiyo maana kifungu kile nilikisoma mara ya kwanza kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mtoto wa watu.

Uliandika juu ya mama mgonjwa anayeitwa Grace. Kila jioni Grace anataka kiti chake kitolewe nje kielekezwe barabarani, kwa sababu binti yake aliye Arabuni atakuja. Ana redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ana kitenge cha kijani alichotumiwa na huyo binti na hataki kukivaa, anasema atakivaa siku ya kumpokea. Nilipofika kwenye redio nilitabasamu, nikasema huyu Wesley ameiba redio ya mama. Nilipofika kwenye kitenge nikaurudia mstari mara mbili. Kitenge kile nilikinunua mimi, pale pale Batha, na wewe ndiye uliyeniambia kwamba mama alikivaa kila Jumapili mpaka kikaanza kupauka.

Uliniambia mama alianguka Jumanne na Jumatano akawa hayupo. Presha, ukasema, hakuna ambaye angefanya lolote. Kumbe alikaa kwenye kile kiti wiki baada ya wiki akinyong'onyea. Sasa nakumbuka vizuri. Kila nilipoomba kuongea naye, simu yake ilikuwa imeingia maji, au amelala, au ameenda kwa akina mama wa kanisa. Nami nikaendelea kupiga pasi nguo za watu, nikijua kwetu kuna amani.

Nilipomaliza kusoma ningeweza kusema halas, leo imetosha, kichwa kinaniuma. Sikusema. Nilitaka kufika mwisho nijue umeandika nini. Nikauliza la kwanza, la pili, la tatu, naye akajibu vizuri. Swali la nne likauliza kwa nini binti hakuja. Yating alifikiri, akanijibu kwa sentensi moja ndefu isiyo na kosa hata kidogo, ya kwanza tangu tuanze: kwamba binti alipigiwa simu na ndugu yake akaambiwa mama anamwita, naye akasema kazi ni nyingi, hawezi kuja. Halafu akaongeza la kwake, kwamba binti huyo alikuwa na moyo mbaya. Nikatazama karatasi ya majibu. Jibu lako lilikuwa hilo hilo. Nikampigia tiki.

Hiyo simu ulinipigia lini, Wesley? Nikuulize tena, kwa sababu nilipokuuliza mara ya kwanza ulinitumia sauti ukicheka cheka, ukasema ni hadithi tu, kwamba mtu akiandika hukopa hiki na kile, nisichukue kila kitu moyoni. Ni hadithi gani inayojua rangi ya kitenge changu? Nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Naosha choo nikiwa na hasira. Nachambua mchele nikiwa na hasira. Na usinitafutie kisingizio cha waajiri wabaya, kwa sababu huna. Madam aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba mtu wa kwetu akiugua niseme tu, tiketi watakata. Ningefika. Ningekuta kiti kiko nje na mtu amekikalia.

Kwa nini ulifanya hivyo najua, sihitaji uniandikie kifungu. Ulikuwa umebakiza muhula mmoja chuoni, karo nalipa mimi, na ukaogopa kwamba nikija sitarudi kazini. Basi ukanificha. Na kwa kuwa mama hakuacha kuuliza, ikabidi umpe jibu, ukampa hilo kwamba nimekataa. Kisha jibu likatoka nje likazunguka kijiji. Nimeelewa sasa kwa nini shangazi Zipporah hajapokea simu yangu tangu mazishi, na kwa nini akina mama wa kanisa walinitoa kwenye kundi lao bila neno. Nilidhani ni majonzi. Nilikuwa nawaombea, mimi mjinga.

Yating aliona uso wangu akaweka kalamu chini, nikashindwa kujizuia, nikamweleza yote. Alilia kuliko mimi. Akafuta jibu lake la nne kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Nilimwambia kwamba kwenye mtihani lazima ajibu yaliyoandikwa hata kama aliyeandika ni mwongo, akasema basi hiyo alama wachukue. Mtihani alipita lakini, na ndiyo sababu tumehamia Jeddah. Jambo moja tu tulikosana. Yeye anasema mtu haandiki kitu kama kile kwa bahati mbaya. Labda ulitaka nijue na ukakosa mdomo wa kuniambia. Ana moyo mwema, na wewe hakujui. Mimi nasema kama ulitaka nijue, namba yangu unayo.

Nakuja nyumbani Desemba. Tiketi imekatwa. Sitafikia kwako, nitafikia kwa mama, hata kama nyumba imeingia mchwa, na kiti kile nikikute. Lakini kuna jambo siwezi kulisubiri hadi Desemba. Kifungu chako kinaishia pale unapomwambia mama kwamba nimekataa. Hukuandika alisema nini. Uliuliza maswali saba, Wesley, na hilo hukuliuliza. Alilia? Alinilaani? Alisema kiti kirudishwe ndani? Au alikataa kukuamini, akaendelea kungoja? Ndilo ninalolitaka, na hakuna anayelijua ila wewe.

Nisalimie Rita, mwambie sina neno naye. Mbembeleze mtoto kwa niaba yangu. Wape salamu majirani wote ambao bado wanakubali kuzipokea salamu zangu.

Na bahasha, najua umeikuta imefunguliwa. Usimlaumu Maureen aliyeibeba, ndivyo nilivyomwagiza. Alianza kwa shangazi Zipporah. Shangazi ameisoma barua hii yote, neno kwa neno, na nimemwomba akuletee mwenyewe na asiondoke mpaka uimalize. Kwa hivyo inua macho, umjibu.

Ni mimi dada yako,
Risper