Kibuyu cha Mama Longinus Mbele ya Jopo

Esteria, shika simu. Rufaa ya Longinus imekufa, na aliyeiua ni mama yake mzazi.

Unalikumbuka lile dumu alilobuni la kumiminia unga, lenye shingo iliyopinda ili unga usikwame? Walimnyima hataza, ile hati ya kulinda ubunifu wake, wakasema ameiga. Leo jopo la rufaa limekaa hapa Kasulu, Longinus kaja na suti ya kuazima, na mama yake kamtoa kijijini Heru Juu awe shahidi.

Yaani kamleta mwenyewe. Mwenyewe, Esteria.

Mama kasikia "ameiga", kaelewa mwanawe anaitwa mwizi. Kasimama, kafungua kanga, katoa kibuyu chenye shingo ileile. "Mwanangu hajamwibia mtu. Hiki ni cha bibi yangu, na kwetu kila nyumba wanacho."

Kila nyumba wanacho. Kasema hivyo mbele ya jopo.

Mwenyekiti akamwomba amimine unga. Ukashuka kama maji. Ikaja zamu ya dumu la Longinus, unga ukakwama, akawa analigonga matakoni kama chupa ya tomato. Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Asante mama, umetusaidia sana," mwenyekiti akasema, akafunga faili.

Nje Longinus alimpokonya mama kile kibuyu, akakibamiza chini, akakikanyaga na kiatu mpaka kikasagika.

Mama akapiga magoti, akaanza kuokota vipande. Akamwuliza taratibu tu: "Sasa rufaa nyingine nitawaonyesha nini, mwanangu?"