Mtoto Kwanza, Mkono Baadaye

Mjukuu wangu Akinyi,

Sisi tu wazima, ila mtoto anaota meno, silali. Kwa ukoo mimi ni nyanya yako, hata kama bado nanyonyesha!

Unauliza kwa nini sisalimii mtu kabla mtoto hajaingia garini. Nilipokuwa yaya Milimani, siku moja mimi na mtoto wa mwajiri wangu tuliegesha gari ufukweni Dunga kununua samaki. Mama mzee, muuza samaki, akaninyooshea mkono. Kwetu mkono wa mzee haukataliwi. Lakini mtoto yule alinivuta kwenda barabarani, na pikapu inakuja mbio.

“Mama, nisamehe, nimpandishe kwanza.”

Niliogopa ataniona sina adabu. Akaja kutukinga upande wa barabara mpaka nikafunga mlango.

“Sasa leta mkono, nyathina, mwanangu. Salamu haikimbii kama mtoto huyu!”

Basi nawe huko Nakuru, ukiwa na mtoto, mpandishe na ufunge mlango kwanza, ndipo uwasalimie wote.

Nyanya yako