Waya wa Kwa Gachau

Ruiru, 3 Machi 2024

Kaka Githae,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila kikohozi kinanisumbua. Magoti yako je?

Shemeji Gachau ameleta diski na waya. Anataka kuunganisha kompyuta ya marehemu mume wangu na yake, ng'ambo ya ua, ili nichapishe kwa printa yake. Kompyuta yenyewe ni kuukuu, naogopa kuiharibu. Nifanyeje? Usipige simu, kuta za mabati hazina siri.

Dadako,
Wangeci

Thika, 6 Machi

Wangeci mpendwa,

Magoti yanalalamikia mvua, basi. Kunywa tangawizi.

Kompyuta kuukuu haitaki haraka. Sakinisha kwanza programu ya diski, waya ukiwa nje. Zima, chomeka waya, washa. Itakuuliza kama utatumia printa ya mwenzako: kubali. Itakuuliza kama mwenzako afungue folda zako: kataa. Kuchapa kwa jirani hakumpi jirani ruhusa ya kupekua kabati lako.

Lakini najiuliza. Tangu mazishi Gachau hajakuletea hata fungu la mboga ya sukuma, leo printa? Hati ya shamba la Theta, yenye jina lako, karatasi yake ilipotea matangani. Nakala iliyobaki imo kwenye kompyuta hiyo tu. Ikifutika, baraza la ukoo likikaa tarehe 23 utakuwa na maneno matupu, naye Gachau atadai shamba la ndugu yake.

Kaka yako,
Githae

Ruiru, 11 Machi

Kaka,

Kikohozi kimepungua, asante. Nimekosea. Gachau alikuja kusakinisha mwenyewe. Mgeni hakai bila chai, nikaingia jikoni. Kutoka na sinia, ananiambia, "Shemeji, tayari! Wewe leta mandazi tu." Mara stima ikapotea, taa zikazimika mtaa mzima, mpaka leo haijarudi.

Wangeci

Thika, 13 Machi

Wangeci,

Chai! Hakuna aliyekufa kwa kiu ya dakika kumi.

Stima ikirudi, chomoa waya kabla ya kuwasha. Tazama folda moja moja. Ukiona picha ya kiganja chini ya folda, ujue imefunguliwa kwake. Nakili hati kwenye flashi, kisha niandikie umeificha wapi, niwe na amani.

Githae

Ruiru, 19 Machi

Kaka,

Natumaini umelala vizuri. Stima iliporudi, kiganja nilikiona, chini ya folda ya Theta peke yake. Hati ilikuwemo bado. Nikaihamishia kwenye flashi, nikaacha humo orodha ya nyimbo za kwaya, nikarudisha waya.

Jana Gachau kaja. Chai haijafika nusu: "Shemeji, kwani zile karatasi za Theta ulihamisha?"

"Nani amekuambia zimehama?"

Chai ikampalia. Jirani yangu Akello, aliyekuwa akinisukia nywele, akacheka mpaka kitana kikaanguka. Amekubali kuja barazani kueleza alichosikia.

Unauliza hati iko wapi. Utaiona tarehe 23, kaka, pamoja na wazee wa ukoo.

Dadako,
Wangeci