Kiingereza cha Mezani

Birikani, Voi
Jumatatu, baada ya chai

Kwako Kaka Stephen,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Tryphena na wote hapo Wusi. Sisi huku hatujambo, ila joto la Voi unalijua, na kuku wangu wameanza tena kutaga nje ya banda kwa kiburi tu. Afya yako nayo? Nauliza nikitaka jibu la kweli, si lile la "tunaendelea vizuri" unalompa kila mtu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unachangamsha sauti, nami sioni uso wako.

Nianze na ya hapa nyumbani. Tangu mwezi wa kwanza, mwanangu Austin na mkewe Shanice wamebadilika. Tulikuwa tunakula pamoja, tunaongea Kiswahili chetu, tunacheka. Ghafla, chakula kikiwekwa mezani, wanahamia Kiingereza. Nikiingia na sufuria wanapunguza sauti, nikitoka inapanda. Unajua niliishia darasa la sita, lakini maneno mawili matatu sikosi. Nilisikia kwamba mwanamume fulani hataki, na mwanamke fulani asiambiwe. Mwanamke wa kufichwa katika nyumba hii ni nani mwingine? Nikajua tu: wamepata mnunuzi wa ploti hii tunayokaa, na mimi natakiwa kurudi milimani na mabegi yangu.

Sikuuliza. Ningeuliza wangenidanganya kwa adabu. Nilikwenda kwa Immaculate, yule wa mitumba tunayeimba naye kwaya, anayejifunza Kiingereza kwenye simu ili apate kazi Uarabuni. Akanionyesha mahali penye mazoezi ya sarufi. Wanakupa sentensi yenye pengo, unachagua neno. Ukipata linageuka kijani, ukikosa jekundu. Tena ni bure, jambo lililonitia shaka siku nzima, maana nani anakufundisha bure na hakujui? Nikakosa karibu maswali yote, simu ikanipongeza, nikazidi kushuku. Halafu kuna mwanamume ndani ya mazoezi hayo anaitwa Peter. Jana alichelewa, leo amechelewa, kesho atakuwa amechelewa, na hakuna anayemuuliza anatoka wapi. Mimi nasema ana nyumba nyingine.

Nikawa najifunza nyuma ya banda la kuku, midomo ikicheza. Siku moja Shanice akaniona nikitabasamu na simu, akamwambia Austin kwa Kiingereza kwamba huenda mama amepata mpenzi wa uzeeni. Kaka, nililielewa hilo mwanzo hadi mwisho! Nilikasirika na kufurahi kwa pamoja, nikaenda kuokota mayai.

Basi jana tumetoka kanisani, tumekula, mimi naosha vyombo, wao wako mezani. Hata hawakupunguza sauti. Siku hizi wanakiamini Kiingereza kama kufuli. Austin akasema mjomba amepungua sana, chakula kigumu hakipiti tena kooni, na daktari wa Mombasa anataka aanze matibabu wiki ijayo. Shanice akauliza mama atafichwa hadi lini. Austin akajibu kwamba mjomba mwenyewe amewaapisha. Amewaambia kuwa nikisikia nitasema ni hasira yangu ya ule ugomvi wetu wa mpaka wa shamba, Krismasi, iliyomtia ugonjwa, na sitapata usingizi tena.

Nilibaki nimeshika sahani ndani ya povu. Nilikuwa namtafuta mnunuzi wa ploti, nikakukuta wewe. Mpaka sasa hawajui kwamba nilielewa. Niliwapelekea chai, nikawauliza kama sukari inatosha.

Umenijua vizuri, Kaka. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akiugua, swali la kwanza ni nani katika ndugu ana kinyongo. Na kweli niliwaza hivyo, pale pale kwenye karai. Lakini ya mpaka yaliniisha siku uliponitumia yale maharagwe. Ningekuwa na kinyongo nisingeyapika. Hasira niliyo nayo ni ya jana. Umewaambia watoto ukaniacha mimi, dada yako wa tumbo moja, nimcheke Peter nyuma ya banda huku wewe unashindwa kumeza. Hasira hiyo ni kubwa, na sitaki ikufikie mwilini. Kwa hiyo leo asubuhi nimefanya kutasa kama mama alivyokuwa akifanya, mchungaji atanisamehe. Nimejaza maji kinywani, nikaelekea milimani, nikayapuliza nje, nikasema hasira imetoka, ndugu yangu apone. Nimerudia mpaka kifua kikawa chepesi. Sina kinyongo nawe hata chembe. Ila naogopa, Kaka, naogopa sana, na woga haukutoka na maji.

Barua hii anakuletea Katuku, anayepanda huko kufuata mboga. Mimi nakuja Alhamisi, na Mombasa tunakwenda pamoja. Nitakaa karibu na daktari nisikie mwenyewe anavyosema, kwa lugha yoyote atakayosema. Wasalimie majirani wote, na umwambie wifi asihangaike kunipikia. Nawe usivae shati la kanisani, wala usitoke kunipokea barabarani. Nikukute kitandani, kama kitandani ndiko uliko.

Ni mimi dadako mdogo,
Mkamburi