Mzaha wa Mlangoni

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama, ila miguu ilivimba kwa kukaa kwenye basi siku nzima. Natumaini hamjambo, na kwamba wateja hawajakukimbia baada ya mimi kuondoka na kukunyima mtu wa kukufagilia nywele bure.

Nakuandikia wewe peke yako, kwa anwani ya kibanda chako cha kunyolea, kwa sababu mama akishika simu haiachii tena. Siku ile nilipompeleka kliniki alikuambia habari ya presha tu. Sukari nayo imepanda, na daktari alisema uzito alionao unaubebesha moyo kazi kubwa kupita uwezo wake. Hakumtisha. Alimwambia apunguze sukari kwenye chai, chumvi na vya kukaanga, ale mboga zaidi, halafu atembee nusu saa kila siku, mwendo wa kumtoa jasho. Mama amekubali. Ameshaanza na mkunga, yule jirani yenu mstaafu. Wanatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanapita njia ya mbele ya kibanda chako.

Baba, mtie moyo. Neno lako analisikiliza kuliko la daktari.

Mwanao wa kwanza


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mashine ya kunyolea ndiyo inayokohoa.

Basi watembezi wako nimewaona. Jumatatu nilifungua mapema, nina mteja kitini, na fundi viatu yupo kwenye benchi kama kawaida yake. Huyo hanyoi kitu, kazi yake ni kulipasha benchi joto. Mara wanatokea: mkunga mbele anakwenda kama kaitwa kuzalisha, mama yako nyuma kavaa raba zako za zamani, jasho linamchuruzika. Nikatoka mlangoni na wembe mkononi, nikauliza kwa sauti, "Jamani, mzigo huo unapelekwa wapi asubuhi yote hii?" Fundi viatu alicheka mpaka akashika ukuta. Mteja ilibidi nimsubiri atulie, la sivyo ningeondoka na sikio lake. Hata mkunga alitabasamu, nadhani.

Usininunie. Mama yako ananijua, mwaka wa thelathini na moja huu namtania. Na nikwambie ukweli, sipendi akonde. Nilipomwoa alikuwa mwembamba kama mpini wa ufagio. Unene ule ni kazi ya mikono yangu, na watu wakimwona amekonda wataniuliza kama nimeshindwa kumlisha. Jioni nilimletea nyama ya kukaanga na soda kubwa ya baridi, ya kumpa pole kwa safari. Alikula yote.

Baba yako


8 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili na sikucheka.

Jana nilipiga simu, mama akaniambia ameacha kutembea kwa muda, magoti yanamuuma. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye shida ya magoti. Tafadhali mwombe arudi barabarani. Ukiweza, toka naye. Kitambi chako na chenyewe siku hizi kinamfikia mteja kabla yako.

Wala sikuambii haya kwa sababu mimi ni hodari. Nakaa kitini saa tisa kwa siku nikipokea simu za watu wenye hasira, nawaomba radhi huku natafuna biskuti. Lakini mimi bado sijaambiwa na daktari. Mama ameambiwa.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zilinibana. Mama yako hajambo. Amepumzika kidogo, hali ya hewa haikuwa nzuri, na yale magoti. Anakula vizuri. Dawa anameza akikumbuka. Usijisumbue, mimi nipo naye na namwona kila siku.

Baba yako


14 Septemba

Baba,

Shikamoo. Nimefika. Mama anaendeleaje? Mwambie anyooshe vile vidole hata kama anachoka.

Wiki tatu nilizokaa nanyi, tangu alipoanguka pale jikoni, tuliongea habari za shuka, dawa na zamu za kumgeuza. Hili sikuweza kulitamka mbele yake, ndiyo maana naliandika.

Mkunga ndiye aliyemkuta sakafuni, hilo unalijua. Siku ya pili, kwenye kile kibaraza cha hospitali, aliniambia mengine. Kesho yake baada ya mzaha wako, mama alifika getini kwake amevaa raba, akasimama. Akamwambia hawezi kupita pale tena. Mkunga akamwambia basi wazunguke nyuma, njia ziko nyingi. Mama akamjibu, "Njia zote zina vibanda." Akarudi ndani. Mpaka siku aliyoanguka, hakutoka tena.

Nilimuuliza daktari kama kutembea kungemwokoa. Alisema kiharusi hakikuanza jikoni. Kimejengwa miaka mingi, kwa presha, sukari, uzito, na kukaa. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba miezi sita ya kutembea na kula kwa kiasi ingekizuia. Nikamuuliza kama yupo anayeweza kuapa kwamba isingekizuia.

Na mimi nina langu, Baba. Miaka mitano kila nikija likizo nilikuwa namwona anashika ukuta kupanda zile ngazi tatu za mlangoni. Kila mwaka nilimletea gauni kubwa kuliko la mwaka uliopita, nikamwambia amependeza. Niliona haya kumtajia mama yangu mwili wake. Mpaka nilipokuja kumpeleka kliniki, muda ulikuwa umeshakwenda.

Mwanao


5 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, nimekaa nayo siku tisa mfukoni mwa koti la kazi.

Magoti hayakuwahi kumuuma. Nilijua nilipokuandikia. Na hali ya hewa ilikuwa nzuri tu. Nilimwona siku ya kwanza ameketi ndani saa ile ya kutoka, raba ziko chini ya kiti, nikajua ni mimi. Sikumuuliza kitu. Moyoni nilifurahi, nikaona mambo yamerudi kama zamani, nikamwandalia chai yenye vijiko vinne vya sukari. Nilidhani ndiyo kumpenda.

Siku hizi nanyoa kimya. Fundi viatu ameuliza mara nyingi kama naumwa, sasa amehamia benchi la muuza vocha.

Jumamosi nilikuwa namvalisha, ule mkono wa kulia nikauingiza kwanza kama mlivyonifundisha. Nikamwambia, "Mama watoto, nilikuwa natania tu."

Alichukua muda. Unajua sasa maneno yanavyomponyoka mdomoni. Akasema, "Najua. Nilitaka unisindikize."

Hilo neno la mwisho alilirudia mara tatu mpaka likatoka zima, na mimi nilishalielewa tangu mara ya kwanza.

Muuguzi anayekuja kumpima amenipima na mimi. Presha ipo juu, nimepewa vidonge. Tunakula sahani moja ya chakula kile kile, mboga nyingi, chumvi kidogo. Soda sijaleta tena nyumbani. Haya yote yalikuwa yanawezekana Februari.

Nisamehe, kama utaweza.

Baba yako


20 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako anakusalimu. Hujanijibu barua ya Oktoba. Najua unapiga simu kila Jumapili, mnaongea, na akimaliza akinipa simu nakuta imeshakatika. Sikulaumu. Nakuandikia tu ujue hali.

Tangu Novemba tulikuwa tunazunguka uani, kisha mpaka getini kwa mkunga na kurudi. Leo asubuhi yeye mwenyewe ameonyesha barabara kwa fimbo. Nimechelewa kufungua kibanda, na kila siku nitakuwa nachelewa. Amenishika mkono, tumekwenda polepole, ule mguu anauburuta. Ilituchukua dakika arobaini kufika pale dukani kwa muuza rangi, mahali ambapo wewe ungefika kwa dakika tano.

Walikuwepo wanaume wawili wamekaa nje ya duka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu huku akimtazama mama yako, wakacheka.

Mama yako alikuwa anahesabu hatua, hakusikia. Mimi nilisikia. Niligeuka nimwambie neno yule mtu, nikamtazama usoni, nikaukumbuka ule wembe mkononi mwangu. Mama yako akanivuta mkono, tukaendelea.

Baba yako